Sauti Iliyobanwa Mlangoni

Ukitaka kumjua fundi redio wa Majengo, usimpelekee kifaa kibovu. Mpelekee kizima. Kibovu kinajieleza chenyewe: kinanuka kuungua, waya umekatika, kapasita imevimba kichwa. Kizima hakisemi kitu, na hapo ndipo masikio yanapolazimika kufanya kazi ambayo mita haiwezi kuifanya.

Na katika vizima vyote, sijaona kinachompima fundi kama CD pleya ya mkononi ya bei rahisi. Unaijua: duara la plastiki nyepesi, kifuniko kinachofunguka juu, nafasi ya betri mbili ndogo, tundu la hedifoni ubavuni. Zilikuwa zikionekana mjini Moshi miaka ya 2000, wakati kaseti inaaga na simu bado haijajifunza kuimba. Leo nyingi zimelala kwenye droo pamoja na chaja zisizo na wenyewe. Mwenye nayo akiikumbuka huiwasha, husikiliza wimbo mmoja, husema ina sauti ya bati, kisha huirudisha ilikolala. Fundi akiisikia sauti hiyo hiyo ya bati huuliza jambo jingine: nani kaibana, na kaibania wapi?

Maana sauti ipo. Philips na Sony walipoiingiza CD sokoni mwaka 1982 walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba kila sekunde ya muziki ipimwe mara 44,100 kwa upande wa kushoto na mara 44,100 kwa upande wa kulia, na kila kipimo kiandikwe kwa biti 16. Kanuni hiyo haikubagua. CD ya kwaya ya usharika iliyouzwa mlangoni baada ya ibada inabeba vipimo vingi sawasawa na CD ya okestra kubwa ya Ulaya. (Namwondoa hapa yule aliyechoma CD yake kutoka faili za MP3 zilizokwisha kukamuliwa, huyo hakuna fundi atakayemrudishia kilichomwagika.) Hata aisii, ile chipu inayogeuza namba hizo kuwa umeme wa sauti, kwenye pleya hizi rahisi hufanya kazi yake kwa uaminifu ambao bei haiudokezi. Ilikwisha kufyatuliwa kwa mamilioni, na gharama ya kuifanya nzuri ilikuwa imeshuka hadi kukaribiana na gharama ya kuifanya mbaya.

Wizi unatokea mbele kidogo, kwenye sentimita chache za mwisho kati ya aisii hiyo na tundu la hedifoni. Huko ndiko mwenye kiwanda anakohesabu senti. Kila kipande kinachopunguzwa ukubwa kinaokoa senti moja, na senti moja ikizidishwa kwa pleya milioni ni fedha. Ufundi ninaousifu hapa ni wa kuzifuata senti hizo moja moja hadi zilikofichwa, na kuzirudisha kwa vipande vilivyofumuliwa kutoka kwenye kompyuta iliyokufa.

Majengo ni upande wa Moshi usiokuwemo kwenye picha za watalii. Ofisi za kupandisha watu kilele cha Kibo ziko mjini kwa juu. Huku ni nyumba zilizobanana, misikiti, maduka ya rejareja, mafundi cherehani, bodaboda wanaongoja abiria. Mlima unaonekana vizuri tu mawingu yakipenda, lakini hakuna anayelipwa kwa kuutazama. Fundi ninayemzungumzia nitamwita Fundi, kwa kuwa mtaa humwita hivyo. Meza yake imejaa kwa namna ambayo mgeni ataiona fujo: maboksi ya sigara yenye skrubu, kopo la maziwa lenye resista, bodi za televisheni za zamani zilizopangwa wima. Mwenyewe hunyoosha mkono bila kutazama na kuja na anachokitaka.

Kijana anaingia na pleya yake kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Imekufa?"

"Hapana, inaimba."

"Sasa umeniletea ya nini?"

"Haina besi, Fundi. Nataka ipige kama sabufa."

"Aisee. Iweke kwanza hiyo CD yako tuisikie."

Hapo ndipo kazi inapoanzia, na wasiojua huona ni kupoteza muda. Fundi hafungui kitu. Anavaa hedifoni zake mwenyewe, kubwa, za zamani, zilizofungwa utepe mweusi, kwa sababu sauti ya hizo anaijua na ya iafoni za mteja haijui. Anasikiliza kwa betri. Kisha anachomeka adapta na kusikiliza tena kipande kile kile. Anasubiri ule ukimya mfupi kati ya wimbo na wimbo, anaongeza sauti hadi mwisho na kuganda. Akisikia mvumo mzito ambao kwenye betri haukuwepo, mshukiwa ni adapta: zile nzito zenye transfoma hutoa mvumo wa hezi 100, kwa kuwa umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde na ukinyooshwa huacha mawimbi mara mbili ya hapo. Zile nyepesi za siku hizi hukata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuacha namna ya vumbi juu ya sauti, isiyosikika waziwazi ila inayochosha masikio. Akisikia mchuzo mwembamba, ile shii isiyoisha, hata kwenye betri, tatizo liko ndani.

Baada ya CD ya mteja huweka ya kwake, ya tarumbeta. Mkoani Kilimanjaro, mwenye kulelewa kwenye usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri, anajua ninachosema: kundi zima la wapuliza shaba, wadogo kwa wakubwa, na nyuma yao lile tarumbeta nene linalokanyaga chini kabisa. Kwa Fundi CD hiyo ni rula. Kama tarumbeta nene linasikika kama mtu anayeguna chumba cha pili, besi imebanwa. Kama tarumbeta za juu zinachoma, kuna kitu kinapasuka sauti ikipanda. Hajali wimbo unasema nini wakati huo. Na yeye mwenyewe ni mtu wa swala tano.

Ndipo bisibisi inapotoka.

Nimesema wizi uko kwenye sentimita za mwisho. Kipande chenyewe kinachotumika kuiba ni kapasita, kile kipipa kidogo chenye mstari upande mmoja kuonyesha mguu wa hasi. Katika pleya nyingi za namna hii kipo kimoja kwa kila sikio, kikisimama kati ya amplifaya ndogo ya ndani na tundu la hedifoni. Kazi yake ni halali: kuuzuia umeme mnyoofu wa betri usiingie kwenye hedifoni, na kuuruhusu umeme wa sauti, unaokwenda na kurudi, upite. Ila kapasita hupitisha sauti nyembamba kwa urahisi na nene kwa shida, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo inavyozidi kuzikatalia nene.

Hesabu yake si ngumu, na Fundi huifanya kwa kalamu nyuma ya risiti. Kapasita ya maikrofaradi 100 ikilisha iafoni za omu 16, nusu ya nguvu inakuwa imepotea tayari kwenye hezi 100. Uzi mnene wa gitaa la besi hupiga hezi 41. Ukifika sikioni umebakiwa na nguvu kama moja ya saba ya ile iliyorekodiwa. Sasa fikiria wimbo wa bendi ya Msondo au ya Sikinde, ambamo besi ndiyo inayoutembeza muziki wote huku magitaa mengine yakisemezana juu yake. Ukiinyima besi sehemu sita kati ya saba za nguvu zake, bendi imebaki na wasemaji bila mtembezi. Weka kapasita ya maikrofaradi 470 mahali pale pale, na uzi ule ule unapoteza kama moja ya tano tu. Hakuna aisii iliyobadilishwa, hakuna kilichopandishwa nguvu. Mlango umepanuliwa, basi.

Kinachonivutia ni mikono. Bodi ya pleya hizi ni nyembamba, na njia zake za shaba ni utando uliobandikwa kwa gundi. Chuma cha kulehemu kikikaa sekunde chache zaidi ya inavyotakiwa, njia inabanduka kama ganda, na hapo kazi ya kuboresha imegeuka kuwa ya kuokoa. Tena bodi nyingi zilizotoka baada ya mwaka 2006, Umoja wa Ulaya ulipokataza risasi kwenye vifaa vya elektroniki, zimelehemiwa kwa mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi joto 217 hivi badala ya 183. Mwanafunzi huona lehemu haiyeyuki, akakandamiza, akaharibu. Fundi hufanya jambo linaloonekana kama kichaa: anaongeza lehemu juu ya lehemu. Anayeyusha kidogo ile ya zamani yenye risasi juu ya kituo, zinachanganyika, kiwango cha kuyeyuka kinashuka, kapasita inalegea bila kulazimishwa. Anaigeuza kidogo huku, kidogo kule, mguu mmoja baada ya mwingine, kisha anaiinua kwa kibano. Moshi wa dawa ya lehemu unapanda, harufu ya utomvu wa misonobari, na anageuza uso pembeni. Tundu lililobaki analisafisha kwa sindano ya mbu.

Sindano ya mbu? Ndivyo anavyoiita, ni sindano ya hospitali iliyokatwa ncha. Usiniulize mbu kaingiaje.

Kapasita mpya si mpya. Imetoka kwenye bodi ya kompyuta ya ofisi fulani, mojawapo ya zile zilizotupwa kwa shehena. Bodi za kompyuta zina kapasita zilizochaguliwa kwa kazi ngumu, zenye ukinzani mdogo ndani, na baadhi ni zile zisizo na maji ndani kabisa, ambazo hazikauki. Lakini kompyuta hupata joto, na joto ndilo adui mkubwa wa kapasita za kawaida: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi kumi zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Kwa hiyo kila moja hupimwa kabla ya kuaminiwa. Iliyoandikwa 470 ikisoma 300, inakwenda kwenye kopo la watoto wa mtaani wanaotengeneza magari ya maboksi. Zikikosekana kabisa huagiza Kariakoo, au kwa mtu anayepita Luthuli Avenue jijini Nairobi, na mzigo huja na basi. Hapendi kuagiza. Anasema cha kuagiza hujui kilikolala, cha kufumua umekiona kikifanya kazi.

Tatizo jingine ni kimo. Kapasita kubwa ni ndefu, na kifuniko cha pleya hakitafunga. Fundi huilaza ubavu kwenye uwazi karibu na nafasi ya betri, anairefushia miguu kwa waya mwembamba uliovikwa plastiki, na kuitia gundi ili isicheze. Mstari wa hasi lazima uelekee upande unaostahili. Ukiugeuza, kapasita hupata joto, huvimba, na siku moja hupasuka. Nimemwona akilitazama jambo hili tena na tena kabla ya kuwasha, ingawa kwa uzoefu wake angeweza kulifanya gizani. Huo ndio uvumilivu ninaouheshimu: wa kulitilia shaka jambo unalolijua.

Njia ya sauti ikishapanuliwa, anahamia kwenye njia ya umeme, na hapa ndipo mtu wa mlimani anaposhika maana haraka. Waliochimba mifongo, ile mifereji ya maji ya Uchagani, walijua kwamba maji yakija kidogo kidogo hayafiki mwisho wa shamba, yananyonywa njiani. Wakachimba nduwa, bwawa dogo, maji yajae taratibu, kisha yafunguliwe kwa pamoja na yafike kwa nguvu. Kapasita inayowekwa kwenye umeme wa aisii ni nduwa yake. Ngoma ikilia ghafla, amplifaya inataka umeme mwingi kwa nukta moja, na betri mbili zilizochoka haziwezi kuutoa kwa haraka hiyo. Volti zinanywea, ngoma inatoka imepondeka. Nduwa ikiwepo, ndiyo inayotoa, halafu inajazwa polepole kabla ya pigo linalofuata. Fundi huongeza maikrofaradi mia chache, na pembeni yake kapasita ndogo kabisa ya kauri, milimita mbili tatu kutoka mguu wa aisii, kwa ajili ya yale mahitaji ya haraka mno ambayo kubwa haiyawahi.

Kwa nini asiweke elfu kumi, ambazo anazo? Kwa sababu nduwa ikizidi ukubwa, mfongo wote unaishia kuijaza. Pleya ya betri mbili ina sakiti ndogo inayopandisha volti za betri, na ikikuta shimo kubwa tupu mbele yake inadhani kuna waya zimegusana, inazima. Pleya haiwaki, mteja anakuja juu. Fundi anayejua kipimo cha kuacha ni adimu kuliko anayejua cha kuongeza, na ndiyo sababu ya kumtofautisha huyu na wenzake wa haraka.

Kipimo hicho kinaonekana zaidi kwenye jicho, yaani lenzi na leza yake. Watu hawajui jicho hilo linafanya nini. Njia ya muziki kwenye CD ni mzunguko mmoja mrefu unaoanzia ndani kwenda nje, zaidi ya kilomita tano ukiunyoosha, na nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ni sehemu 1.6 za elfu za milimita. Diski huzunguka mara 500 hivi kwa dakika jicho likiwa ndani, na hupungua hadi 200 hivi likifika ukingoni. Lenzi haigusi kitu. Inaelea kwenye nyaya nyembamba, ikipanda na kushuka kufuata kila kupinda kwa plastiki. Na vumbi la Moshi wakati wa kiangazi halina adabu kwa lenzi.

Fundi wa haraka akikuta pleya inakwama hugeuza skrubu ndogo iliyo karibu na jicho, inayoongeza mkondo wa leza. Pleya inapona pale pale, mteja analipa, na leza iliyoongezewa nguvu inakufa baada ya muda mfupi. Fundi wetu haigusi. Anachukua kijiti chenye pamba, anakilowesha spiriti kidogo, anafuta lenzi kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza, anasubiri ikauke. Kisha anafuta grisi ya zamani, iliyogeuka tope, kwenye reli ambayo jicho husafiria, na kuweka mpya kiasi cha tone. Mara nyingi tatizo lote lilikuwa hilo. Pia hukumbusha kwamba CD inayoandikwa na kufutwa hurudisha mwanga mchache sana, kama moja ya tano tu, na pleya za zamani haziisomi; kosa si la jicho.

Kuna pia transista mbili tatu karibu na tundu la hedifoni ambazo kazi yake ni kunyamazisha. Pleya ikiwashwa, huifunga sauti kwa kuielekeza ardhini hadi mambo yatulie. Ni za bei ndogo, na hata zikiwa zimefunguka hubaki zimeegemea njia ya sauti na kuichafua kidogo. Wapenda sauti wa ng'ambo huzing'oa bila kufikiri mara mbili. Fundi huzing'oa akijua tu kwamba pleya itakaa mezani ikilisha spika. Ya kuvaa masikioni huziacha, kwa sababu bila hizo kila unapowasha unapigwa kishindo ndani ya sikio. Mimi nakubaliana naye. Usafi wa sauti unaomuumiza msikilizaji ni ujinga.

Nikisema wapenda sauti wa ng'ambo sikejeli. Huko nako kuna watu walioipenda kazi hii ya kuokota kifaa cha bei ndogo na kukitoa pingu. PlayStation za kwanza kabisa, zile za mwaka 1994 na 1995 zenye matundu ya sauti nyuma yake, walizigeuza kuwa CD pleya za sebuleni, wakachomoa sauti karibu kabisa na aisii na kuruka sakiti za mwisho. PlayStation za kizazi hicho na za vilivyofuata ndizo zilizowalea vijana wetu kwenye vibanda vya gemu, shilingi kwa dakika, bila yeyote kufikiria kwamba ndani yake kuna pleya ya muziki ya heshima. Lakini ng'ambo huko pia ndiko kulikozuka imani kwamba ukipaka ukingo wa CD wino wa kijani, sauti inakuwa tamu. Nilipomsimulia Fundi alicheka hadi akavua miwani. Namba ni namba, rangi haiziongezi.

Kinachofanya kazi na hakigharimu chochote ni kile kitufe cha kuzuia kuruka. Pleya nyingi zimeandikwa sekunde 10 au sekunde 40 kwa fahari. Muziki wa CD hutiririka biti 1,411,200 kila sekunde. Kumbukumbu ya megabiti 16, iliyokuwa ya kawaida, inabeba sekunde kumi na mbili pungufu. Hizo 40 zimetoka wapi? Pleya imeukamua muziki hadi robo ya ukubwa wake ndipo ikauhifadhi, na ulichokisikia ni muziki uliokamuliwa. Tena diski inalazimika kuzunguka haraka zaidi ili kumbukumbu ijae, na betri zinalipa. Ndani ya daladala inayopanda Kibosho kitufe hicho ni rehema. Mezani kizime. Kijana wetu alipokizima mwenyewe, baada ya kuelekezwa, uso ulibadilika kabla hata skrubu haijafunguliwa.

Bado alitaka sabufa. Hapa Majengo ndivyo ilivyo: muziki hausikilizwi peke yako ukijifungia masikio. Unapigwa saluni, unapigwa kwenye genge la chipsi, unapigwa nyumbani jirani naye apate. Kwa hiyo kazi ya mwisho ya Fundi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye akili kuliko zote, ni kutoboa ubavu wa pleya na kuweka tundu la pili. Sauti yake inachukuliwa kabla ya amplifaya ya hedifoni, moja kwa moja kutoka aisii, kupitia kapasita yake safi. Kwa kuwa sabufa haivuti umeme mwingi kama iafoni, kapasita ndogo tu inatosha kupitisha besi yote, na ile amplifaya dhaifu ya ndani imerukwa kabisa. Waya wake anausokota na wa ardhi ili usidake kelele za mota inayozungusha diski.

Na akiwa amekwisha kuitaja sabufa, huifungua nayo. Boksi limeandikwa maelfu ya wati za PMPO, tarakimu iliyobuniwa kuuzia maboksi. Ndani mara nyingi unaikuta TDA2030, aisii ya wati kumi na kitu hivi, nzuri tu ikipewa umeme wa kutosha na bati la kupoozea. Mbele yake kuna 4558, aisii ya miguu minane. Fundi huipachikia soketi na kuweka NE5532 yenye mpangilio ule ule wa miguu, na mchuzo unapungua. Hiyo ni habari ya siku nyingine, ila nimeitaja ili ujue kwamba jicho lile lile linaloona senti iliyofichwa kwenye pleya linaiona na kwenye sabufa.

Kabla ya kufunga, pleya huachwa ikiimba. Muda mrefu, saa nyingi, kwa sauti ya chini, huku Fundi akishughulika na pasi ya mama jirani. Anagusa kapasita kwa kidole kuona kama inapata joto. Anaitikisa. Anarudia tarumbeta. Juu ya adapta huandika kwa kalamu nzito volti zake na upande wa chanya, maana adapta iliyogeuzwa ncha imeua pleya nyingi kuliko uchakavu. Kisha anamvalisha mteja hedifoni na kuondoka mezani, asimwangalie usoni. Kijana alisikiliza wimbo wake hadi mwisho bila kusema besi hata mara moja. Alichosema ni kwamba kuna gitaa humo alikuwa halijui.

Watalii wanaokuja Kilimanjaro hupelekwa Mamba, karibu na Marangu, kuwaona wafua vyuma wakipuliza moto, na wanastahili kuonekana. Sijawahi kuona gari la watalii limesimama mbele ya fundi redio wa Majengo. Pengine kwa sababu ufundi wake haupigi kelele wala hautoi cheche. Ni mtu aliyeinama, na pleya iliyokuwa ikiimba inaendelea kuimba. Vyuo vya ufundi vya VETA hufundisha vijana kusoma mchoro na kushika chuma cha kulehemu. Kusikiliza CD moja ya tarumbeta mpaka iwe rula kunafundishwa mezani kwa Fundi, kwa kukaa.

Kwa hiyo, msomaji, kama unayo moja kwenye droo, itoe betri leo hii kabla hazijavuja na kula vyuma. Ipeleke kwa fundi unayemwamini, pamoja na CD unayoijua kwa moyo na adapta yake. Mwambie unachokosa kusikia, usimwambie afanye nini. Akisema njoo keshokutwa, nenda keshokutwa. Na ukifika wakati wa kulipa, usimpigie hesabu ya bei ya kapasita. Macho ya pleya hizi yanazidi kuadimika, na hakuna anayeyatengeneza kwa wingi kama zamani. Nenda mapema.